Nimepiga pasi kitambaa cha vioo

Jumanne. Jua la Kisangani limeamka na hasira, upepo hakuna, na mimi nina moyo wa mtu aliyevunja sahani ya ugenini.

Niseme ukweli: nimeharibu kitambaa cha mke wangu.

Mimi ni mwalimu wa makamo, mwenye kitambi, ambaye kabla ya vita hakujua hata ufagio unakaa wapi. Mke wangu, Mama Ester, alikwenda Butembo kumzika mama yake. Vita vikafunga barabara nyuma yake. Ndege ndogo za Bangboka, uwanja wetu wa ndege, leo zinaruka, kesho haziruki, na huko aliko hazitui tena. Miezi kumi na moja sasa.

Aliacha vitambaa vitatu vya kufutia vya microfibre, zile nyuzi laini za plastiki, alivyonunua Kampala enzi zile akisafiri kwa biashara: cha bluu cha vioo, cha njano cha meza, cha kijani cha jikoni. Sheria alinitumia kwa sauti kwenye simu, kana kwamba ananiachia watoto wachanga. Kunja mara mbili, kisha mara mbili tena. Upande ukichafuka, geuza mwingine. Vumbi, kikavu. Kioo, maji kidogo, sabuni hapana. Usivifue pamoja na taulo, vitabeba nyuzi zake. Usitie javeli ya kuondoa madoa, usitie dawa ya kulainisha nguo.

Nimezishika kama katekisimu. Kabati la vioo linang'aa. Nilijiambia kwamba nyumba ikibaki kama alivyoiacha, atarudi. Ataingia, atapitisha kidole juu ya kabati, na atakosa la kusema. Msicheke.

Tatizo ni pasi. Hapa kwetu nguo haitoki kambani bila kupigwa pasi, hata soksi, hata chupi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Ukivaa hivyo hivyo, funza anakuotea mgongoni. Mimi alishaniotea utotoni, sikusahau. Donc, basi, leo asubuhi vitambaa vilikuwa kambani, pasi ya mkaa ilikuwa tayari kwa ajili ya shati, na mkono ukajiendea. Kile cha bluu kikalia, kikajikunja, kikang'ang'ania pasi. Kilichobaki ni kigumu kama ngozi ya samaki mkavu.

Kitambaa ambacho hakivaliwi na mtu!

Mama Safi, jirani yangu wa kutoka Maniema, aliona kila kitu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Eh, Papa Ester! Leo uko unakaanga kitambaa? Utaikula na kwanga ya mihogo?"

Nilicheka naye. Kisha nikampigia mke wangu nikaungame. Nilijiandaa kugombezwa, tena, niseme, nilikuwa na hamu nako. Mwanamke huyu aliwahi kuninunia siku mbili kwa sababu nilifutia viatu kile cha njano.

"Mama Ester, kitambaa yako ya vioo, niliipiga pasi. Imeungua."

"Bon. Acha tu."

"Haunigombeze?"

"Juu ya kitambaa, Papa Ester? Zile mbili zenye zilibakia, mupatie Mama Safi. Zitamusaidia."

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Hakusema kwamba harudi. Hakusema neno baya hata moja. Aliniuliza hadi kama ninameza dawa zangu za presha. Lakini mwanamke anayetarajia kurudi kwake hagawi vitambaa vyake vya kufutia. Wangu, nimjuavyo, hata kuazimisha haazimishi.

Alasiri Mama Safi alipita mlangoni mara mbili, akanitania tena kuhusu kitambaa nilichokaanga. Mara zote mbili vile viwili vilikuwa vimekunjwa mapajani mwangu. Sikumpa. Nikimpa, nitakuwa nimesaini kwamba harudi.

Kesho Mama Ester akiuliza, nitamwambia bado havijakauka. Na kesho kutwa je, nitamwambia nini?