Karibu Kura

Mama Kariuki,

Mwanao alikuja jana kutoka Nairobi na kibao kipya ndani ya gari. Ni kizuri, sitasema uongo. Kimechapishwa kwa mashine, kina picha ya sahani, na hakina kosa hata moja: KARIBU CHAKULA. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda kung'oa kile chako.

Nikatoka na mwiko mkononi nikamwambia ashuke.

Unakumbuka? Rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka mlango wa kanisa, na wewe ukakataa kumwita fundi. KARIBU KURA, ukaandika. Ulimaanisha kula, lakini huku Naro Moru ndivyo tunavyolitamka, na mkono wako ukafuata ulimi. Wapagazi wa mlimani walicheka wakashika mbavu, wakauliza kama kituo kimefunguliwa. Mtu mwingine angefuta. Wewe ukatoka jikoni: "Kimefunguriwa! Haya, pigeni kura. Kesho ni githeri ama mukimo?" Wakainua vijiko. Tangu hapo hatukupika kitu bila kura.

Kariuki anasema, "Aunty, hii kibao inatuaibisha, watu watafikiri mama hakusoma." Hukusoma! Uliwahi kuficha? Chini ya hicho kibao ndipo yeye alipopatiwa karo.

Ndugu yangu naye anataka nifunge kibanda, nikakae kwake Gatitu. Ati mjane asiye na mtoto ataishi peke yake mpaka lini. Hajui kwamba nilikuwa peke yangu kwake, katika nyumba iliyojaa watu. Ni wewe uliyeniuliza nimelalaje, ukangoja jibu.

Sasa hakuna anayeuliza, na nimekukasirikia kwa hilo. Chumvi inanizidi kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukionja. Wapagazi wanakula kimya wakinihurumia. Sitaki huruma yao, nataka wagombe.

Basi Kariuki akakataa kushuka. Nikaitisha kura. Wateja wakatazama viatu vyake vya ofisi, wakainamia sahani. Nikainua kijiko changu peke yangu.

"Hiyo ni moja, Aunty. Na mimi moja."

Nikachukua kijiko chako mkebeni, kile chenye mpini uliopinda, nikakiinua pia. Nikamwambia mbili. Akasema marehemu hapigi kura. Nikamuuliza, hapa Kenya? Kibanda kizima kikaangua kicheko, vijiko vikapanda vyote. Kariuki akacheka, halafu akalia huko huko juu ya ngazi, nami nikamshikia ngazi asianguke.

Kibao chake tumefunikia kuni. Chako kiko pale pale, na siendi Gatitu.

Lala vizuri, rafiki yangu. Kijiko chako sitampa mtu ale nacho, nakuahidi. Leo vijiko vilikuwa sawa kwa sawa, githeri na mukimo, nikainua chako.

Kesho ni mukimo.

Nyawira