Nimefika kumi

Mwenzangu, upo? Nimelala kazini. Sio chumba cha mapumziko, chumba cha upasuaji! Nimesimama wima, bomba la sindano mkononi!

Mgonjwa wa saba huyo wa zamu ya usiku, mama mtu mzima. Nikamwambia kama tunavyowaambia wote, "Mama, hesabu mpaka kumi. Hutafika." Akaanza: moja, mbili…

Kumbe asiyefika ni mimi. Tatu naikumbuka. Nne siikumbuki kabisa.

Kilichonizindua ni sauti yake. "Mwanangu, nimefika kumi."

Nimefika kumi! Dawa ya usingizi imejaa vilevile kwenye bomba, sijamsukumia hata tone. Daktari bado ananawa mikono, hajaona kitu.

Nikamwomba aanze upya. Akanitazama, akauliza kwa upole, "Tuhesabu wote?"

Ameamka salama, usiogope. Lakini je, ningesinzia baadaye, pumzi zake zikiwa mikononi mwangu?

Tangu yule mwenzetu aache kazi, zamu zake zote nazibeba mimi. Na juzi matroni kaleta fomu, "Unaridhika na kazi yako?" Nikaweka tiki: naridhika sana.

Sasa niko kitandani, jua linawaka nje, nahesabu nipate usingizi. Nikifika tisa naacha. Naogopa kumi ataisema yule mama.