Lupu ya Almasi

Jumanne jioni

Tena Espérance! Miezi minne tu kwenye zahanati yetu, na mimi nina miaka kumi na tisa ya uuguzi, lakini leo wagonjwa wote walimkodolea macho yeye.

Alikuja papa mmoja, mwanamume wa toleka, anayebeba watu kwa baiskeli pekupeku. Chini ya unyayo ana doa jeusi. Nikamwambia ni damu iliyovilia, sababu ya pedali. Espérance akatoa mfukoni lupu ya mume wake, kile kioo cha kukuzia cha kuangalia almasi. Akadondosha mafuta kidogo juu ya doa, akainama.

"Mama Béa, doa ya kawaida inakaaka mu mifereji ya ngozi. Hii iko juu ya matuta. Iko mubaya, inaweza kuwa kansa ya ngozi. Angalia na weye."

Nikaangalia. Mistari minene, myeusi, juu ya matuta, wazi kabisa.

Nikasema, "Bon, mi sioni kitu."

Papa akaniamini mimi, kwa sababu ndimi mkubwa. Akacheka, akapanda baiskeli yake, akaenda. Espérance alifuta lupu, polepole.

Tangu vita vifunge mto, hatuwezi kutuma hata kipande cha ngozi Kinshasa kikapimwe. Lakini daktari wa kupasua yupo, hapa hapa Makiso. Angeweza kulikata doa kesho.

Basi ni wivu. Nimeuandika.

Asubuhi lazima niende Kabondo, mtaa anakokaa, kumtafuta yule papa. Jina lake mimi sikumuuliza. Espérance alimuuliza.