Nani Alikufundisha?

Bunia, 4/3/2011

Baba mupenzi,

Habari ya Boga? Kifua ya mama ilipona? Siye huku tuko muzima, ila mimi usingizi imenikimbia.

Shule mbili zimenikatalia masomo ya juu ya muziki. Nimemaliza miaka tatu ya muziki hapa, na kila pahali wananiuliza institut yangu, shule yenye diplome, iko wapi. Imebakia shule moja tu, ya Kinshasa, nayo inataka barua ya mutu alinifundisha harmonie, ile ya kupanga sauti za wimbo. Professeur Nicolas, mwalimu wangu wa hapa, alirudia kwao, simu yake haipite tena. Na unajua vizuri, harmonie yote niko nayo ilitoka kwako, kwa korali yako ya kanisa.

Basi uniandikie weye. Lakini tafazali uweke "Professeur Katsuva", na usiseme uko baba yangu. Kwa karatasi majina yetu haifanane, hawatajua. Barua umupe dereva Emery, njia ya Bogoro imetulia hii juma.

Mutoto wako,
Dorothée

Boga, 11/3/2011

Dorothée, mama,

Amani kwako. Mama yako anakohoa kidogo, lakini shamba anaenda.

Barua ni hii, katika enveloppe yake. Nilipasua tatu. Mimi fundi wa nguo, primaire ya sita, leo nimesaini professeur. Lakini pale ilinichoma zaidi ni kuandika "mwanafunzi huyu". Nimefanya sababu umeniomba.

Baba yako

Bunia, 29/4/2011

Baba,

Salamu mingi kwa wote. Hata kula nashindwa. Jury, wale wa Kinshasa wanaochagua wanafunzi, itakupigia simu kazi mbili, tarehe tatu, saa ine ya asubuhi. Panda kwa kilima nyuma ya kanisa, pale rezo ya simu inapita. Wakiuliza ulisomea wapi, jibu kwa ufupi. Na usiniite mwanangu, nakuomba.

Mutoto wako,
Dorothée

Boga, 4/5/2011

Mama,

Uliamuka salama? Walipiga. Waliuliza namna ya kupanga sauti ine, nikajibu yote, mama mumoja wa jury akafurahi sana. Kisha akauliza ninakufundisha tangu lini. Nikasema tangu miaka yako ine, ulikuwa unasimama juu ya benchi pembeni yangu, unaimba tenor ya wanaume. Akauliza, "Huyu mutoto ni nani kwako?"

Nikasema, "Ni wangu. Nilimuzaa."

Simu ikakatika. Sijui kama ni rezo, ao ni wao. Nilibakia kwa kilima mpaka mangaribi, simu mukononi. Kama nimeharibu njia yako, unilaumu, lakini uniandikie.

Baba yako

Boga, 2/6/2011

Mama,

Emery amepita mara tatu bila barua yako. Uko muzima? Niambie ile tu.

Baba yako

Bunia, 21/6/2011

Baba,

Niko muzima. Unisamehe. Nilikukasirikia, kweli, kisha nikajikasirikia mimi mwenyewe, na haya ikanizuia kuandika.

Jana Kinshasa walijibu. Barua yako wameikataa, muzazi hawezi kumushuhudia mutoto wake. Lakini wananiita nifanye mutihani mbele yao, tarehe kumi ya mwezi wa munane. Naogopa kuliko mbele.

Wametuma na fomu mupya. Pale wanauliza "Nani alikufundisha?", nimeandika: Katsuva, fundi wa nguo, muongozi wa korali ya Boga. Nafasi kidogo ilibakia pembeni. Nikaongeza: baba yangu.

Mutoto wako, mwanafunzi wako,
Dorothée