Profesa Anatafuta Futi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote kutoka huku nyumbani. Natumaini u mzima, na kwamba mguu wa wifi yangu umepona. Sisi tunavuta pumzi tu. Mama analalamika kwamba hupigi simu, kwa hiyo jua kwamba hajambo.

Uliniuliza kama kiharusi kimemwachia Dada akili yake. Daktari alimwuliza saba ukitoa mbili zinabaki ngapi. Dada akamtazama kama mtu aliyekosea mlango, akatabasamu. Profesa wetu huyo wa hesabu, ambaye vyuo vikuu vinagombea kumwalika! Nilitoka nje nikalia.

Unakumbuka alivyoanza. Baba alimkalisha chini ya meza ya kukatia nguo ili asimsumbue, akampa vipande vya vitambaa achezee. Akawa anakunja nusu, robo, nusu ya robo, hadi akauliza kwa nini kitambaa kinakataa kukunjwa tena wakati nusu haziishi. Baba, pini zimemjaa mdomoni, akamwambia akamwulize mwalimu. Mwalimu naye akamrudisha kwa Baba. Basi akaamua kulitafuta jibu mwenyewe, na hata walipompa tuzo alisema bado analitafuta.

Tulipomtoa hospitali, Mama alisema asione chochote cha hesabu, asije akaumia. Tukaondoa saa ukutani, tukashusha kalenda, nami nikaificha futi yangu ya kupimia. Tukajipa moyo kwamba hajui alichopoteza. Hata wageni tuliwaambia hivyo hivyo.

Kaka, anajua. Jana nilimkuta chini ya meza ya Baba, na utu uzima wake ule, anapapasa sakafuni. Alikuwa na kitambaa mkononi, amekikunja mara moja tu, hajui aendelee vipi. Akashika gauni langu, akaniambia kwa shida, neno moja moja, kwamba tumemfichia vitu vyake, na kwamba nimfundishe.

Nimfundishe mimi, ambaye hesabu zote za shule alinifanyia yeye! Niliingia naye chini ya meza, nikakunja, nikasema nusu. Akarudia. Robo. Akarudia. Nusu ya robo. Akarudia, kisha akanitazama akisubiri kinachofuata, na mimi ndipo ninapoishia.

Saa nimeirudisha ukutani. Wasalimie wifi na watoto. Njoo, Kaka, hata kama huna la kufanya. Sisi wenyewe hatuna.

Ni mimi mdogo wako,
wa cherehani