Meza Iliyokatwa Miguu

Chumbani kwangu,
Nyumba ya nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, wiki niliyotolewa nyuzi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kwanza, maana Mama alitulea hivyo, halafu jiandae kwa mengine. Hujambo? Shemeji hajambo, na goti lake limeacha kumsumbua? Wanao wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo ameshaacha kung'ata kucha? Kama mko salama wote nafurahi, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Usitarajie moyo huo ubaki mweupe hadi mwisho wa barua.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu huwa huniachi nimalize. Nikifungua mdomo kusema "lakini", wewe umeshaanza sentensi nyingine na umeshampa mtu kazi. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende. Ninaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la nguo, na nikichoka naenda kulala kidogo kisha narudi. Wino ukibadilika ujue nililala.

Habari za afya yangu umemwuliza kila mtu isipokuwa mimi, basi ngoja nikupe mwenyewe. Mgongo umenyooshwa. Haukunyooka kabisa, daktari hakuahidi hivyo, lakini ule mpindo uliokuwa unanibana pafu na kuutia ganzi mguu wa kushoto umepungua sana. Ndani nina vyuma viwili na skrubu nyingi kuliko kitanda changu. Kidonda kinaanzia chini ya shingo hadi kiunoni, na kimekauka vizuri. Mguu umerudi, nausikia mpaka kwenye vidole. Ulimwambia Mama kwamba nitatoka chumba cha upasuaji nimekufa miguu. Nimetoka nayo yote miwili, nakuarifu rasmi.

Nimekatazwa kuinama, kunyanyua vitu na kujizungusha kiuno. Kutoka kitandani nageuka mzima mzima, mabega na nyonga pamoja, kisha nasukuma kwa mkono, na hapo jasho linanitoka kana kwamba nimepandisha gunia ghorofani. Soksi sivai, nani atanivisha? Kitu kikianguka chini kinakaa chini. Dawa za maumivu zilinifunga choo mpaka nikaanza kuwaonea wivu watoto wachanga. Nimerefuka pia. Kioo cha bafuni sasa kinanikata paji la uso, na magauni yangu yote, niliyokuwa nikiyakata upande mmoja mrefu ili yaonekane sawa mwilini, yananing'inia kombo. Mimi ndiye niliyenyooka, nguo ndizo zenye kibiongo.

Shangazi uliyemleta anilinde yupo, anakula vizuri na anakusalimu. Nashukuru kwa kuniogesha, sitasema uongo. Lakini haingii chumbani kwa kubisha hodi, anaingia kwa kuguna. Wageni wakija anawapokea kwa sauti ya chini, wanafika kitandani kwangu nyuso zimeshawabadilika, wengine wananipa pole kwa namna ya kuniaga. Nikikohoa natambua kwamba ndani ya dakika chache wewe huko utakuwa umeshajua nimekohoa mara ngapi. Mwambie apumzike, au umwajiri rasmi na umpe sare.

Sasa tuje kwenye meza.

Unakumbuka Baba alivyoitengeneza. Siku ile aliniita kwenye karakana yake, akanisimamisha bila viatu sakafuni, akaniambia nikunje mkono, akapima kutoka chini hadi kwenye kiwiko changu. Watu wote walikuwa wanautazama mgongo wangu. Yeye alitazama jinsi nilivyofanya kazi. Ndiyo maana meza yangu ya kukatia nguo ilikuwa imeinuka kuliko ya fundi yeyote ninayemjua, na ndiyo maana nimekata vitambaa miaka yote hii bila kuinama. Mafundi wenzangu walikuwa wakiicheka, wanasema ni meza ya kuhutubia mkutano. Kabla hajafa alikuja mara mbili kukaza misumari yake, na hakunidai hata chai.

Wiki iliyopita mwalimu wa mazoezi aliniruhusu kutoka nje. Nikasema nivuke barabara nikalione duka langu la ushonaji. Shangazi alitangulia amebeba kiti cha plastiki, utadhani ananipeleka kunyolewa. Mama alikuwa nyuma yangu, kama alivyozoea tangu nikiwa mtoto, ili watu wasiuone mgongo wangu. Nilimwambia hakuna tena cha kuficha. Akasema ndiyo, lakini akabaki huko huko nyuma.

Mlangoni nikakuta karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Kaka, maneno yalikuwa yako: FUNDI AMESTAAFU. TUNAWASHUKURU WATEJA WETU. Nilisoma mara mbili nikidhani ni mlango wa jirani. Dada, nina miaka arobaini na mitatu. Nimestaafu lini, na sherehe ya kuniaga ilifanyika wapi?

Ndani nilimkuta Kaka anasokomeza vitambaa vya wateja kwenye magunia, hariri na jinzi pamoja. Na katikati ya chumba ilikuwa meza ya Baba, imenifika mapajani. Mmeikata miguu yote minne. Pembeni mmeweka kiti chenye mto wa maua, eti nikipata nafuu niwe nakaa nashona vifungo kujiliwaza.

Nisikilize vizuri hapa. Kitu cha kwanza nilichokatazwa ni kuinama. Cha pili, kukaa muda mrefu, maana kukaa ndiko kunakouma kuliko yote. Ninachoruhusiwa ni kulala, kutembea na kusimama. Nilikuwa na meza moja tu duniani ya mtu wa kusimama, nanyi mkaigeuza iwe ya kukaa. Mngemwuliza daktari angewaambia. Mngeniuliza mimi ningewaambia. Nilisimama mbele ya meza yangu mwenyewe, nikanyoosha mkono, ncha za vidole zikagusa mbao, na zaidi ya hapo sikuweza kufanya kitu.

Nililia. Kulia na mgongo wa hivi ni kazi ngumu, kila kwikwi inavuta kidonda, na huwezi kujikunja ukafunika uso. Nililia nimesimama wima kama askari wa gwaride. Shangazi akadhani ni maumivu, akaanza kutafuta vidonge kwenye mkoba.

Kaka amenieleza yote. Unamjua, ndiye Bwana Sawa wetu, hana siri wala shingo ya kukataa. Ulikuwa kwenye simu ya picha ukimwelekeza msumeno upite wapi. Vile vipande vinne, kimoja kinazuia mlango wa jikoni kwake usijifunge, viwili viko chini ya pipa la maji, na cha nne hakijulikani kilipo. Hiyo ndiyo kazi ya Baba, Dada. Iko chini ya pipa.

Nilimwambia Kaka anipe ufunguo wa duka.

"Dada amesema nikae nao mpaka atakapokuja," akasema.

"Huu mgongo ni wa Dada?"

"Si hivyo. Kazi hii hutaiweza tena, na wewe mwenyewe ulikubali. Mama anajua."

Kumbe ndivyo ulivyowaambia, kwamba nilikubali. Nilianza kukumbuka taratibu. Ulinipigia nikiwa wodini, siku ya pili baada ya upasuaji, dawa inaingia kwa mpira mkononi na daktari namwona wawili. Ulikuwa unasema maneno mengi, kuhusu duka, kuhusu kuja kwako, na mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Siku ile ningekubali hata kuolewa na mlinzi wa getini. Na wewe ulijua, kwa sababu baadaye ulimsimulia Shangazi kwa kicheko kwamba nilikuita Mama.

Mama alikuwa ameegemea mlango. Hakupandisha sauti, unamjua. "Mpe ufunguo wake," akasema. "Kama ni kuulizwa, angeulizwa akiwa macho."

Kaka akasema sawa, akautoa mfukoni. Karatasi ya mlangoni nilimwambia aibandue mwenyewe, maana ilikuwa imebandikwa chini na mimi siinami. Kesho anakuja na seremala kupima miguu mipya. Nimemwambia apime kiwiko changu upya, nimerefuka.

Dada, hapa nilipumzika, ndiyo maana wino umebadilika.

Kuna jambo moja nakuambia wewe tu, na ukimwambia Shangazi nitajua. Naogopa. Nilimwuliza daktari kama nitarudi kukata nguo. Akaeleza kwamba mifupa lazima ishikane kwanza na vile vyuma, inachukua miezi mingi, na baada ya hapo ataona. Kuona siyo ndiyo. Juzi nilijaribu kuushika ule mkasi mkubwa hapa chumbani, mkasi ambao nimeushika nusu ya maisha yangu, na nikaurudisha juu ya kabati kabla sijakata hata uzi. Kuna mwalimu mmoja wa chekechea ameniletea kitambaa cha gauni, akasema atasubiri. Kinanitazama kila asubuhi. Huenda wewe ndiye unayesema kweli. Huenda sitaweza tena. Hilo ndilo linalonichemsha damu kuliko yote, kwamba unaweza kuwa sahihi na bado ukawa umenikosea.

Nilipokuambia mara ya kwanza kwamba nataka kupasuliwa, ulisema nimeishi na mgongo huu miaka yote, nitulie nao. Hukuwa unalala nao wewe. Hukujua nilikuwa nakata gauni moja kisha nalala sakafuni dukani, mlango nimeufunga, mpaka mguu urudi. Nilikata shauri peke yangu, nikasaini peke yangu, nikasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu nikihesabu taa za dari peke yangu. Lilikuwa jambo kubwa la kwanza maishani nililoamua bila wewe. Na kabla dawa haijaniisha mwilini, ulikuwa umeshaniamulia yaliyobaki.

Sijasahau. Tulipokuwa wadogo ulipigana na watoto wa mtaa mzima walioniita kibiongo. Ulirudi nyumbani umechaniwa sketi na bado ukanibebea begi langu la shule. Nilikupenda kwa hilo na bado nakupenda. Lakini watoto wale wamekua, wengine ni wateja wangu, nawapima viuno vilivyonenepa, na hakuna anayeniita hivyo tena. Aliyebaki kunitazama mgongo kabla hajanitazama usoni ni wewe.

Kaka amesema umekata tiketi, unakuja mwisho wa mwezi kunichukua nikaishi kwako. Umeshaandaa chumba, tena cha chini, kisicho na ngazi. Shemeji amehamisha vitu vyake. Ahsante, na ninamwonea huruma Shemeji, avirudishe. Sitakaa kwenye chumba cha wageni cha mtu nikiletewa chai na kuulizwa kama nimekunywa dawa, mpaka nizeeke. Kama mkasi nitauweka chini, nitauweka mwenyewe, dukani kwangu, siku nitakapoona sina budi. Hutaniwekea chini wewe kwa simu.

Kama tiketi hairudishwi, njoo. Njoo unitembelee kama ndugu wanavyotembeleana. Utalala kwenye godoro sakafuni, kwa sababu kitanda ni changu na mimi sakafuni siwezi kushuka. Utanivisha soksi. Asubuhi tutatembea hadi kona na kurudi, polepole, na hutanishika mkono mpaka nikuombe. Ukiona nalia usimpigie mtu. Ukitaka kujua kama nimechoka, niulize, kisha unyamaze usubiri jibu. Najua hilo la mwisho ndilo litakalokushinda, anza kufanya mazoezi na Shemeji.

Mama anakusalimu sana, anasema usikasirike, nami nimemwambia ukasirike tu kidogo. Kaka anasalimu na kusema sawa kwa lolote utakaloamua, jambo ambalo unalijua. Shangazi amekupa salamu zake mwenyewe bila shaka, leo hii mara ngapi sijui. Nisalimie Shemeji na goti lake, wanao wote, na mama mkwe wako aliyeniletea maombi. Mwambie yamefika, mguu umerudi.

Mungu akulinde, akupe afya njema, akufungulie na kazi nyingi huko uliko usipate hata nafasi ya kushika simu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na nisiyekwenda popote.