Herufi Mbili Baada ya Nukta

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri amerudisha makala ya soko. Tena! Eti wakati wake bado. Soko limeungua, majivu hayajapoa, uzio wa mabati umeshasimama na bango la mwekezaji juu yake. Wakati wake ni lini, wachuuzi wakishasahau walikuwa wanauza wapi? Sikubishana naye. Nilichukua mkoba nikatoka — yeye ndiye aliyeogopa, hajazoea kuniona nimenyamaza.

Basi, nitakuwa na tovuti yangu. Makala zangu, vibonzo vyangu, jina langu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta, yule mwenye chumba juu ya duka la dawa. Kila kitu tayari, anasema, kimebaki kipande cha mwisho cha anwani, kile cha baada ya nukta. Akanitandazia kama muuza vitambaa: com, ya dunia nzima, art, ya wasanii, nyingine zina majina kama ya manukato. Nikamuuliza ya nchi yetu iko wapi, ile ya herufi mbili. Akakuna shingo. Ya kwetu, mama, hufunguliwa hapa na hufungwa hapa. Com iko mbali, wakitaka kuifunga watatoka jasho kwanza.

Nikamwambia siendi kusema ya nyumbani kutoka barazani kwa watu. Nimewakaanga wangapi kwenye safu yangu kwa tabia hiyo hiyo? Akasema sawa, nifikirie tu. Nimechukia alivyosema "tu".

Jumatano, 6 Machi

Mdahalo redioni na Miwani, msemaji wa kila mwenye uzio wa mabati. Nilimbana. Takwimu zake nilizipasua moja baada ya nyingine, akabaki kunywa maji. Kisha akanichoma: gazeti lako lenyewe limekukataa, dada yangu, sasa utapiga kelele wapi?

Damu ikanipanda. Nikataja anwani — hewani! Jina langu kamili, nukta, herufi mbili za nchi. Nikasema Jumatatu makala ya soko itakuwa pale, awaite mabwana zake waje kusoma.

Nilikuwa sijaisajili.

Fundi alinipigia kabla sijafika getini. Alikuwa anasikiliza. Mama, unatajaje kitu ambacho hujanunua? Nikamwambia anunue sasa hivi. Nikasikia vidole vinagonga, kisha akasema: Imechukuliwa. Sasa hivi tu.

Miwani! Au mmoja wa vijana wake. Sijala. Nimezunguka sebule mpaka zulia limejikunja. Jina nililopewa na marehemu baba liko mikononi mwa mtu yule. Atalibandikia nini? Tangazo la viwanja?

Alhamisi, 7 Machi

Si Miwani.

Binti yangu amepita akitoka kazini. Hakuvua viatu, alisimama mlangoni kama mgeni. Kazi yake ni pale pale, kwenye ofisi inayotunza anwani zote za herufi mbili: meza yake hupokea maombi, na malalamiko pia. Tangu aajiriwe tuna makubaliano. Mimi siulizi ya ofisini, yeye hasomi makala zangu kabla hazijatoka. Ndiyo maana hata jana sikumpigia.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Nilikuwa nakusikiliza. Wakaweka tangazo la sabuni, nikajua likiisha tu mtu atakuwa ameshalichukua jina lako. Nikaliwahi."

Nikamkumbatia. Mikono yake ilibaki chini.

Kumbe amelisajili kwa jina lake, hati zangu hakuwa nazo. Na mfanyakazi wa pale haruhusiwi kumshikia mtu jina. Ni kufukuzwa, hakuna cha onyo. Basi nihamishie, nikasema. Akacheka kile kicheko cha babu yake, cha puani. Kuhamisha lazima mkuu wa idara aidhinishe, na akifungua tu atakuta limeandikwa kwa jina la nani. Kuliachia je? Likiachiwa Miwani analidaka. Na tukilitumia hivi hivi, mtu mmoja akilalamika, mkuu anafungua, anaona.

Na Miwani atalalamika. Kulalamika ndiyo kazi inayomlisha.

Mtoto huyu nimemlea kwa ukali wa maneno. Sikujua alikuwa anameza yote.

Jumamosi, 9 Machi

Muuza magazeti wa kona ameniita Mama Nukta. Kwa hiyo Jumatatu, eeh? Wateja wake wote wakageuka. Nikasema Jumatatu. Kichwa juu. Gazeti nililolipia nikaliacha pale pale.

Miwani leo redioni: mtaona, atakimbilia com kama wenzake. Wanapenda nchi mpaka inapofika saa ya kuweka jina.

Mjinga yule ameniibia sentensi yangu mwenyewe.

Nimempigia fundi, nimemwambia anunue com, aweke makala pale, asiifungue bado. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu, kama mtu aliyetukana na hajui amemtukana nani.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa kwa fundi. Makala iko tayari kote kuwili, com na herufi mbili — binti yangu kampa fundi nywila — imefunikwa. Imebaki kubonyeza.

Binti yangu ameingia muda si mrefu, kitambulisho cha kazi bado shingoni. Miwani ameshalalamika! Hata makala haijatoka. Anataka anwani isimamishwe kabla. Karatasi imekuja mezani kwa binti yangu.

Nikamuuliza amefanya nini nayo.

"Nimeikalia, Mama. Mkuu ameniuliza mara mbili."

Ameikalia. Kama mhariri alivyokalia yangu. Watu wa aina hiyo nimewaandika vibaya maisha yangu yote, na huyu hapa, binti yangu, ananitazama.

Redio wamepiga. Miwani yuko studio, anatoa sharti. Nikisema hewani kwamba anwani ile sina na sijawahi kuwa nayo, nilipayuka kwa hasira, anaondoa lalamiko leo hii. Hajui ananipa nini: kazi ya mtoto wangu. Anataka kucheka tu, na nchi nzima icheke naye.

Nimemwonyesha fundi kwa kidole: com. Binti yangu ameuweka mkono wake juu ya mkono wa fundi. Anatikisa kichwa. Eti hakuliwahi lile jina ili mimi nilikane. Nimemwambia kodi ya nyumba utalipa kwa jina? Mkono hauondoi. Mbishi. Nani kamfundisha!

Wameniweka kwenye laini, nisubiri. Nasikia studio inacheka kwa mbali. Simu mkono wa kushoto, kalamu wa kulia. Wameweka tangazo la sabuni. Binti yangu siku ile lilimtosha kuamua. Wanaimba ule mwisho, ule wa povu — mkono wake bado uko pale pale, na mimi kinywa kimeshafunguka na sijui